Ardhi ya Askari na Haki ya Warithi Wake

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeiharamisha dhuluma baina ya waja Wake, mkubwa kwa mdogo, aliye hai kwa aliyekufa. Twashuhudia kwamba hapana mola ila Yeye, na kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi Waislamu mliohudhuria, na nyinyi wasikilizaji wetu mlioko majumbani, makazini na safarini, twajiusia nafsi zetu na twawausia nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Khutba yetu ya leo yahusu deni. Si deni la dukani linaloandikwa daftarini likafutwa mwisho wa mwezi. Ni deni la mtu aliyekwenda vitani kwa amri ya watawala, akarudi au asirudi, na malipo yake yakabaki mikononi mwa wengine. Wajukuu wa askari wa zamani wametuuliza mara nyingi: Je, haki ya babu yetu ilikufa pamoja naye?

Hivi karibuni alikuja ofisini kwetu baada ya sala ya Alasiri mama mmoja mtu mzima, amebeba kisanduku cha bati. Ndani yake mlikuwa na Nyota ya Burma iliyofifia utepe, hati ya baba yake ya kuachishwa jeshi, na picha moja iliyoliwa na mende pembeni. Akasema, “Wanangu, nataka mniandikie barua kwa Waingereza. Baba yangu aliwapigania. Wazungu waliopigana naye walipewa mashamba. Yeye alirudi na koti. Mimi ni mrithi wake, nalitaka shamba lake.”

Tulimkaribisha akae, tukamwagizia chai, tukamsikiliza. Maneno yake hayakuwa ya mtu aliyepotewa na akili kwa uzee. Yalikuwa na mizizi katika historia ya nchi hii, na yapasa tuieleze kwa wale waliozaliwa juzi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika ya Mashariki mwaka 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana kwa mikono ya watu wetu. Walikuwako askari wa King's African Rifles, ambao wazee waliwaita Keya. Hapa Mombasa lilikusanywa jeshi la Waarabu na Waswahili chini ya Arthur Wavell, aliyeuawa Mwele mwezi Januari 1916. Lakini wengi kuliko wote walikuwa wapagazi. Gari halikuweza kupita porini na mnyama alikufa kwa mbung'o, basi akatiwa binadamu mzigo kichwani. Sheria ya mwaka 1915 ilimpa Mwingereza nguvu ya kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 walikusanywa kijiji kwa kijiji. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililogeuka Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Tunanunua vitunguu na viatu mahali hapo, na wachache hukumbuka kuwa ni jina la jeshi la wanyonge. Hesabu ya Waingereza wenyewe ilitaja wapagazi waliokufa zaidi ya 40,000, na wanahistoria husema walikaribia 100,000. Risasi iliua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Vita vikaisha mwezi Novemba 1918. Mwaka uliofuata, serikali ya Kiingereza ikatunga sheria ya kuwapa askari waliostaafu ardhi katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Ardhi ile ilizidi ekari milioni 2. Mashamba yaligawanywa kwa bahati nasibu, majina yakichotwa ndani ya jumba la michezo la Theatre Royal mjini Nairobi. Waliochaguliwa kwa mashamba madogo, ya ekari 160, walipewa bure, na wengine walipewa makubwa kwa masharti mepesi. Sharti la kwanza lilikuwa mtu awe na asili ya Ulaya. Askari wa Keya hakuwemo, wala mpagazi, wala Mhindi aliyevaa sare ile ile.

Haikuwa tu kwamba askari mweusi alinyimwa. Mashamba mengine, kama ya Kipkarren na Kaimosi, yalimegwa kutoka katika nchi waliyokuwa wametengewa Wanandi, na Wanandi walikuwa wametoa vijana wengi kuingia Keya. Tafakarini jambo hili, enyi Waislamu. Mtu anatoka vitani, anafika kwao, anakuta malisho ya ng'ombe wa baba yake yamekuwa zawadi ya mwanajeshi mwenzake, tena mwenzake wa upande ule ule. Mwaka 1923 wazee wa Kinandi walipotaka kukutana, wakiwa na malalamiko ya ardhi, kodi na kazi ya lazima, serikali ilimkamata kiongozi wao, Barsirian arap Manyei, pamoja na wenziwe.

Ujira wa wapagazi waliokufa nao una kisa chake. Fedha nyingi zilibaki hazikuchukuliwa na mtu, kwa kuwa mwenyewe amekufa njiani na jamaa zake hawakujua pa kudai. Wakuu wa serikali huku Afrika ya Mashariki wakaiomba London fedha zile zitumiwe kwa manufaa ya wananchi walikotoka wapagazi. London ikakataa.

Vita vya pili vikaja. Kenya peke yake ilitoa askari karibu 100,000. Walipigana Habeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, kisha wakapelekwa Burma, wakapita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 hadi mto Chindwin. Sisi watu wa pwani tuna sehemu yetu ya msiba huo. Mwezi Februari 1944 iliondoka Kilindini meli ya Khedive Ismail ikielekea Colombo, imejaa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, mabaharia na wauguzi wanawake. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache, wakafa watu wapatao 1,300. Wengi wao hawakuwahi kuliona tena gati walilolipungia mkono wiki moja nyuma.

Na baada ya vita hivyo? Ukafanywa mpango mwingine wa mashamba, wa masetla wa Kizungu, na wanajeshi waliostaafu wakiwa mbele. Askari wa Kiafrika alipewa kiinua mgongo kilichopimwa kwa rangi ya ngozi yake, akaambiwa arudi kwao. Walioipata ardhi ile ya masetla baadaye, katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, waliinunua kwa mkopo, wakalipa kwa mafungu miaka mingi. Kile alichopewa setla kama shukrani, mwenyeji alikipata kwa deni.

Enyi Waislamu, hatuyasemi haya ili kuchochea chuki. Hatujengi hoja yetu juu ya ahadi za mdomo zinazosimuliwa barazani. Twaijenga juu ya jambo lililoandikwa katika sheria za wakati ule: vita vilikuwa vimoja, bendera ilikuwa moja, na mmoja alilipwa ardhi na mwingine hakulipwa. Dini yetu yataka mtenda kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la watu hawa lilikauka zamani, na wao wenyewe wamekuwa udongo.

Sasa turudi kwenye suala tuliloulizwa. Je, haki yao imekufa?

Jawabu la sheria yetu liko wazi. Haki ya mali haifi kwa kufa mwenyewe, bali huhamia kwa warithi wake. Aliye na deni la marehemu amlipe mrithi, kama vile ambavyo angelimlipa marehemu. Jambo la deni ni zito hata kwa yule aliyekufa shahidi: tumefundishwa kwamba shahidi husamehewa madhambi yake isipokuwa deni. Ikiwa deni alilo nalo shahidi mwenyewe halifutwi na damu yake, vipi litafutwa deni la mtu mwingine ambalo shahidi ndiye mdai?

Na kama mwenye haki hajulikani aliko? Wanachuoni wetu wameliweka jambo hilo mlango mbali. Mtu aliyepotea bila habari, ambaye humwita mafkudi, mali yake haigawanywi na wala hailiwi. Hukaa amana mpaka ipatikane habari yake au kadhi ahukumu kwamba amekufa, ndipo warithi wake waitwe. Na mwenye deni asiyempata mdai wake wala mrithi wake, baada ya kutafuta kwa juhudi, hulitoa kwa njia ya kheri kwa niaba ya mwenyewe. Hakuna mlango unaosema kwamba mdai akipotea, mdaiwa ameshinda.

Twalisema hili kwa sababu udhuru unaotolewa mara nyingi ni wa majina na karatasi. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake wenyewe. Ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa Vita ya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Basi mjukuu ataambiwaje alete jina la babu yake kutoka katika kitabu ambacho mwenye kitabu amekiri kwamba hakukiandika?

Pale Nairobi na Dar es Salaam yako masanamu ya ukumbusho wa askari na wapagazi wale, yaliyosimamishwa mwaka 1927 na 1928. Chini yake yameandikwa maneno kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, maana yake ni kwamba mwenye kufa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Wana wametimiza upande wao. Majina wanayo, tena wameyapa wajukuu. Aliyeyasahau ni aliyeandika jiwe.

Mwenye kutaka kulipa hukosi kuiona njia. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani wa Tanganyika waliokuwa bado hai. Yasimuliwa kwamba walipokusanyika Mwanza, wachache tu ndio waliokuwa na karatasi. Afisa wa malipo akamshikisha kila mzee fagio, akamwamrisha kwa Kijerumani akamate silaha kwa kawaida ya gwaride. Hata mmoja hakukosea. Miaka hamsini ilikuwa imepita, na mikono ilikuwa bado inakumbuka. Sisi hatuwasifu Wajerumani kwa waliyoyafanya Tanganyika, na watu wa Kusini waliouawa katika Maji Maji wana madai yao. Twataka tu ionekane kwamba ushahidi hupatikana pale mdaiwa anapoutaka.

Liko jambo jingine, na twaomba mlisikilize kwa makini, kwa kuwa kijana mmoja alituambia, “Basi serikali iwaondoe watu walioko katika mashamba yale, itupe sisi wajukuu wa askari.” La, hasha. Askari wa Kiislamu walipoifungua Iraki, wengi walitaka ardhi ya Sawad igawanywe baina yao kama ngawira. Sayyidna Umar bin al-Khattab akakataa. Baadhi ya masahaba wakamshikilia kwa siku kadhaa, naye akatoa hoja katika Suratul Hashri, ambayo yataja haki ya watakaokuja baadaye. Akauliza: nikiigawa leo, watakaozaliwa kesho watapata nini? Akawaachia wakulima ardhi yao waendelee kulima na kulipa kharaji. Kutoka katika mapato hayo, askari, wajane wao na watoto wao waliandikwa daftarini, kila mmoja kwa jina lake, wakapewa posho. Linganisheni daftari lile na bahati nasibu ya Theatre Royal. Haki ya askari ni kweli, bali hulipwa na yule anayedaiwa, kutoka katika mali yake. Hailipwi kwa shamba la maskini mwingine. Walionunua kwa mkopo katika mpango wa 1962, na watoto wao, hawana deni na mtu. Mwenye deni ni hazina iliyowaamrisha watu waende vitani.

Nasi twaona, na haya ni maoni yetu, kwamba malipo hayo si lazima yawe ekari kwa ekari. Uingereza ilitangaza mwaka 2018 fedha za kuwasaidia wakongwe wa vita wa Jumuiya ya Madola wanaoishi katika ufukara, pamoja na wajane wao. Hilo ni jema, lakini lilipewa jina la msaada, na msaada ni kitu kingine na deni ni kitu kingine. Mwenye kulipa deni hangoji kuombwa, wala hachagui mdai aliye fukara zaidi.

Sasa, yule mama na kisanduku chake. Tulimwahidi barua, na barua imekwisha andikwa. Lakini tulipokuwa tukimwuliza habari za baba yake kwa ajili ya barua hiyo, mmoja wetu alimwuliza, “Mama, kile kiinua mgongo alichopewa, alikifanyia nini?”

Akasema alinunua shamba. Minazi, miembe, na kisima. Ng'ambo ya kivuko.

“Na shamba hilo liko wapi sasa?”

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba baba yake alipofariki aliacha mke mmoja, mabinti wawili na ndugu yake mmoja wa kiume, na ndugu yule alilichukua lote, akisema mabinti wameolewa na mwanamke hahitaji minazi. “Hayo yamepita, wanangu,” akasema. “Ni mambo ya nyumbani.”

Enyi Waislamu, hesabu hiyo haina mashaka. Ikiwa shamba ni mafungu 24, mjane ana thumni, nayo ni mafungu 3. Mabinti wawili wana theluthi mbili, mafungu 16, kila mmoja 8. Ndugu, naye ni asaba, huchukua kinachobaki, mafungu 5. Yule ndugu alikuwa na haki ya 5, akachukua 24. Aliwanyang'anya mjane na watoto wa askari mafungu 19 ya ardhi ile ile ambayo askari aliipata kwa kutembea Burma. Hakuvaa kofia ya jua, hakutoka Ulaya, wala hakuhitaji sheria ya mwaka 1919. Alikuwa akiswali safu ya mbele.

Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa amewataka watu wawafikirie mayatima wa wenzao kama ambavyo wangeliwahofia watoto wao wenyewe wakiwaacha wangali dhaifu. Na Mtume wetu (S.A.W.) amemwonya mwenye kudhulumu ardhi, japo shibiri moja, kwa adhabu inayohesabiwa kwa ardhi saba. Tutaiandikiaje London barua ya haki kwa wino huu, na mkono wa pili umeshika mpini wa jembe katika shamba la binti yatima?

Wala jambo hili si la zamani tu. Vijana wetu wa Kenya walivuka mpaka kuingia Somalia mwezi Oktoba 2011, na wapo ambao hawakurudi. Vijana wa Tanzania waliuawa mwezi Desemba 2017 huko Kivu ya Kaskazini wakilinda amani. Mafao ya askari kama hao yakitoka, mara nyingine hugombaniwa matanga hayajakwisha, na mjane asiye na cheti cha ndoa husukumwa nje na wakwe zake wenyewe. Kwa hiyo, askari aliye hai na anayetusikia, mwandikishe mkeo, wandikishe wanao, ziandike amana zako na madeni yako, na karatasi iwe mahali ambapo mkeo anapajua. Nanyi mlio na vitabu vya Keya, medali na hati za babu zenu, msiwauzie wafanya biashara ya vitu vya kale. Leteni tuvipige picha na tuyaandike majina.

Jumatatu ijayo, baada ya Alasiri, Kadhi atakaa katika ukumbi wa madrasa pamoja na wazee wawili. Kuna ukoo mmoja hapa msikitini, hatuutaji, unaojijua kwa hesabu tuliyoisoma ya mafungu 24. Wajukuu wa yule ndugu hawakuitenda dhuluma ile kwa mikono yao, nasi hatuwalaumu kwa waliyoyarithi. Twawaomba waje na hati ya shamba. Mama yao mdogo atakuwapo, na ametuambia kwamba hataki kumfukuza mtu katika nyumba yake. Ataka mafungu yake, na ya dada yake aliyefariki yawafikie watoto wake, na njia ya kwenda kisimani.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa njiani na mizigo vichwani, na waliozama katika bahari ambayo hawakuijua jina. Unawajua wote kwa majina yao. Zirudishe haki kwa wenyewe, na utupe nguvu ya kuyatoa yaliyo mikononi mwetu.

Simamisheni sala.